Sura ya Nne: Ukuta Huu Unabeba Nini?

Mitaala mingi ya ujenzi hupanda kama jengo linavyopanda. Wiki za mwanzo ni udongo na msingi, kisha jamvi, kuta, lenta, slabu na ngazi, halafu mwisho kabisa, muhula ukiwa umeshachoka, kenchi na bati. Kitabu cha Francis Ching cha michoro ya ujenzi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1975 na ambacho mpaka leo kinafunguliwa katika madarasa ya nchi nyingi, nacho kinafuata njia hiyo hiyo: kiwanja, msingi, sakafu, kuta, paa. Kwa mtu atakayekabidhiwa kiwanja kitupu na kuambiwa aanze, mpangilio huo hauna kasoro.

Mwanafunzi wa usanifu wa ndani hakabidhiwi kiwanja kitupu. Anafika jengo limeshasimama, limeshapigwa rangi, pengine limekaliwa miaka thelathini na wenyewe wameshabadilika mara tatu. Mteja anampokea mlangoni, anamtembeza vyumbani, kisha anapigapiga ukuta wa sebule kwa kiganja na kusema, "Huu nataka utoke." Kuanzia hapo kijana anatakiwa ajue mambo ambayo hayaonekani kwa macho. Nyuma ya rangi kuna nini? Tofali zile zimebeba slabu, au zimejaza tu nafasi kati ya nguzo na nguzo? Bomba la maji machafu la jirani wa juu linapita wapi? Hatua za kuchimba msingi, alizozikariri kwa ajili ya mtihani, hazimjibu hata moja.

Kwa hiyo ninaamini somo lake la ujenzi liende kinyumenyume. Lianze na uso anaouona, yaani rangi, taili, jipsamu na mbao za sakafu, kisha liingie ndani tabaka kwa tabaka mpaka lifike kwenye kile ambacho kikiguswa, jengo zima limeguswa. Wapo walimu watakaopinga, kwamba asiyejua msingi hajui jengo. Msingi ataujua, na ataujua vizuri zaidi akiufikia kwa swali lake mwenyewe: uzito huu ninaouongeza huku juu unakwenda kuishia wapi? Tena tuseme wazi kwamba ndani ya vyuo vyenyewe ipo dharau ya chini chini, kwamba hawa ni watu wa mapazia na mito ya makochi, ujenzi wafundishwe kidogo tu wasije wakachanganyikiwa. Dharau hiyo inawapeleka kazini watu wenye ruhusa ya kuvunja na wasio na elimu ya kujua wanachovunja.

Ningetakiwa kuchagua jengo moja la kufungulia somo, nisingechagua jengo zuri. Ningechagua duka kuu la Sampoong, mjini Seoul, Korea Kusini.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1987, na mpango wa mwanzo haukuwa wa duka. Michoro ilikuwa ya jengo la ghorofa nne kwa matumizi mengine. Kazi ikiwa inaendelea, mwenye mali, Lee Joon, akaamua liwe duka kubwa la kisasa. Duka linataka nafasi pana na ngazi za umeme, kwa hiyo nguzo zilizokuwa zinazingira ngazi hizo zilipunguzwa ili kupata nafasi. Kampuni iliyokuwa inajenga ilikataa mabadiliko hayo, ikaondolewa, na kazi ikamaliziwa na kampuni ya mwenye mali mwenyewe. Nguzo ambazo zilipaswa kuwa na kipenyo cha sentimita 80 zilijengwa kwa sentimita 60. Ikaongezwa ghorofa ya tano, kwanza kwa wazo la kuwa uwanja wa watu kuteleza kwa viatu vya magurudumu, kisha wazo likageuka: iwe migahawa. Migahawa ya jadi ya Kikorea huketiwa chini, na sakafu yake hupashwa joto kwa mabomba yanayopita ndani ya zege. Maana yake tabaka zima la zege likaongezwa juu ya slabu ambayo haikuhesabiwa kulibeba, na majiko na majokofu yakafuata.

Juu ya paa kulikuwa na viyoyozi vikubwa. Majirani walipolalamikia kelele, mwaka 1993 vikahamishiwa upande mwingine wa paa, si kwa winchi bali kwa kuburutwa juu ya slabu. Nyufa zikaanza. Jengo lenyewe lilikuwa la slabu bapa isiyo na bimu, inayokaa moja kwa moja juu ya nguzo. Katika muundo wa aina hiyo hatari kubwa ni nguzo kuitoboa slabu kama kijiti kinavyotoboa karatasi. Tarehe 29 Juni 1995 nyufa za ghorofa ya tano zilikuwa zimepanuka kiasi kwamba uongozi uliifunga ghorofa hiyo na kuzima viyoyozi. Wateja wa ghorofa za chini waliachwa waendelee kununua. Jioni kabla ya saa kumi na mbili, upande mmoja wa jengo ulishuka wote kwa muda wa sekunde chache. Walikufa watu 502.

Mwalimu akilieleza tukio hili kama habari ya rushwa na tamaa, darasa litasikitika na kusahau. Tamaa ilikuwepo, na mwenye mali alifungwa. Lakini mwanafunzi aulizwe: kati ya maamuzi yale, ni mangapi yalikuwa ya aina ambayo wewe utaletewa mezani? Kubadili matumizi ya jengo, kuweka ngazi mpya, kugeuza ukumbi kuwa mgahawa, kuinua sakafu, kuhamisha mitambo. Karibu yote. Ndiyo kazi yake ya kila siku, na kila moja, ikitazamwa peke yake, ni ombi la kawaida kabisa la mteja.

Baada ya hapo, somo la kwanza la vitendo liwe kilo. Wanafunzi wengi wa fani hii wanaogopa hesabu za wahandisi, na woga huo unatokana na kufundishwa fomula kabla ya kufundishwa uzito. Zege lina takriban kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo kila sentimita moja ya zege unayoitandaza juu ya mita moja ya mraba ni kilo 24. Tabaka la mchanga na saruji la kulazia taili ni pungufu kidogo, tuseme kilo 20 kwa sentimita. Likiwa na unene wa sentimita tano, kila mita ya mraba imeshaongezewa kilo 100 kabla taili haijafika. Upande wa pili wa mizani kuna kile ambacho sakafu imehesabiwa kubeba. Kanuni za Kiingereza, ambazo wahandisi wetu wengi walilelewa nazo, huweka mzigo wa watu na samani kwa sakafu ya nyumba ya kuishi katika kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, na kwa ofisi 250. Mteja anayetaka tangi la samaki lenye urefu wa mita moja na nusu, upana wa nusu mita na kimo cha sentimita 60 anataka kuweka kilo 450 za maji juu ya robo tatu ya mita ya mraba. Hesabu hiyo inafanywa na mtoto wa darasa la saba, na ikishafanywa mara moja, mwanafunzi hatatazama tangi la samaki tena kwa macho yale yale.

Ukuta nao upimwe hivyo hivyo. Chukua ukuta wa tofali za inchi sita zisizo na tundu, wenye urefu wa mita nne na kimo cha mita tatu. Tofali peke yake zinakaribia tani tatu na nusu. Ukiweka plasta pande zote mbili unavuka tani nne. Ukuta wa jipsamu wa ukubwa huo huo, uliofungwa kwenye fremu ya vyuma vyembamba, una kilo 300 hivi. Mwanafunzi aliyechora ukuta mpya katikati ya slabu kwa mstari mweusi amechora nini, tani nne au kilo 300? Kwenye karatasi mistari hiyo miwili inafanana. Hapo ndipo mchoro wake unapoacha kuwa picha.

Stewart Brand, katika kitabu alichokitoa mwaka 1994 kuhusu jinsi majengo yanavyobadilika baada ya kukabidhiwa, aliligawa jengo katika matabaka sita: kiwanja, muundo unaobeba, ngozi ya nje, mifumo ya maji na umeme, mgawanyo wa vyumba, na vitu vinavyohamishika. Wazo alilichukua kwa msanifu Mwingereza Frank Duffy, akaliongeza. Faida yake darasani ni muda. Samani huhama kila siku, mgawanyo wa vyumba vya duka hubadilika kila miaka michache, mabomba na nyaya huchakaa katika muongo mmoja au miwili, na muundo hukaa hata karne. Matatizo huanza pale kitu cha maisha mafupi kinapozikwa ndani ya kitu cha maisha marefu: bomba la maji ndani ya zege, waya usio na konduti ndani ya plasta. Nyumba ngapi mjini zimetinduliwa taili nzima nzima kwa ajili ya kutafuta tone moja linalovuja?

Kwa wanafunzi wa pwani yetu, hata hivyo, hakuna kitabu kinachofundisha nguvu ya muundo juu ya chumba kama nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu. Ingia na futi ya mkononi katika nyumba kumi, upime upana wa vyumba. Utakuta mita mbili na nusu, mbili na robo tatu, mara chache tatu. Urefu unabadilika, wakati mwingine chumba kinakuwa kirefu kama ujia, lakini upana haupandi. Sababu iko juu ya kichwa chako: boriti. Mti wa mkoko una unene wake na uwezo wake, na wakata mikoko walikuwa na jina kwa kila unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti inayobeba mawe na chokaa ya sakafu ya juu haiwezi kuvuka nafasi pana kuliko hiyo bila kupinda. Kwa hiyo msanifu wa kwanza wa ndani wa nyumba hizi alikuwa msitu wa mikoko. Na majahazi yaliyobeba boriti kutoka Lamu na Rufiji kwenda Uarabuni na Ghuba yalibeba pia kipimo hicho, ndiyo maana nyumba nyingi za kale za kule nazo zina vyumba vyembamba.

Ndani ya mipaka hiyo ya boriti watu waliumba mambo ya ajabu. Usam Ghaidan, aliyeuandikia mji wa Lamu utafiti uliochapishwa mwaka 1975, aliichora nyumba ya Kiamu na mpangilio wake: daka la nje, tekani, kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani. Vyumba vinapangana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikipanda kidogo kuliko kilichotangulia, na kadiri unavyoingia ndivyo unavyozidi kuwa wa nyumbani. Kwa kuwa kuta ni nene, nusu mita na zaidi, zilichimbwa zidaka, na zidaka zikawa pambo, kabati na ishara ya hadhi kwa pamoja. Mwanafunzi aambiwe achore mkato wa ukuta wa zidaka kwa kipimo cha moja kwa tano. Akifika kwenye mstari wa nyuma wa kidaka atagundua kwamba analazimika kuamua ni sentimita ngapi za ukuta zimebaki nyuma yake, na kwamba aliyejenga aliamua vivyo hivyo.

Nyumba hizi ndizo sasa zinazogeuzwa hoteli, na hapo ndipo usanifu wa ndani unapofanya madhara yake makubwa ikiwa haukufunzwa. Mgeni anataka choo na bafu ndani ya chumba chake. Nyumba iliyokuwa na sehemu chache za maji, zilizowekwa kwa makusudi mahali pamoja, inapata mabafu manane ghorofa ya kwanza na ya pili. Ncha za boriti zimezikwa ukutani. Bafu likivuja kidogo kidogo, unyevu unakwenda kwenye ncha hizo, zinaoza mahali pasipoonekana, mchwa wanakuja, na katikati ya chumba boriti inaendelea kuonekana nzima, imepakwa vanishi na inapigwa picha. Kosa la pili ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji ngumu kwa sababu "inadumu zaidi", umeufungia maji ndani. Chumvi inatafuta pa kutokea, plasta inabanduka kwa mapande, na chokaa iliyo nyuma inageuka unga. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kanuni za kutumia chokaa zinajulikana. Lakini fundi atafuata mchoro, na mchoro ukisema "plasta" bila kusema ya nini, atachukua mfuko wa saruji ulio karibu. Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati. Anayejifunza kazi kwenye majengo ya kale aende akalitazame na kuuliza maswali.

Turudi kwa mteja na ukuta wake wa sebule.

Watu wengi hudhani ukuta ukigongwa na kutoa sauti nzito basi umebeba, na ukitoa sauti tupu haukubeba. Sauti inakwambia aina ya tofali na unene wa plasta, basi. Kujua kama ukuta umebeba, toka chumbani. Panda ghorofa ya juu uone kama juu ya ukuta huo kuna ukuta mwingine. Shuka chini uone kama ukuta unaendelea, au chini yake kuna bimu, au hakuna kitu. Tafuta nguzo: katika jengo la fremu ya zege nguzo zina mpangilio, kila baada ya mita nne au tano, na ukishazipata tatu ya nne unaweza kuikisia. Fungua siling bodi, pandisha kichwa na tochi. Katika nyumba zetu za chini, zenye tofali na lenta na kenchi za mbao, jibu hupatikana huko juu mara nyingi kuliko kwenye ramani. Ramani inaonyesha kenchi zinazovuka kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje. Fundi wa paa, alipoona mbao alizoletewa ni dhaifu, aliweka vipande vya kuegemea juu ya ukuta wa katikati, akaenda zake. Tangu siku hiyo ukuta ambao kwa mchoro haubebi kitu umekuwa ukuta unaobeba, na hakuna karatasi inayosema hivyo.

Nyufa nazo zisomwe. Ufa ulionyooka wima pale tofali zinapokutana na nguzo mara nyingi ni vitu viwili tofauti vinavyokauka kwa kasi tofauti. Unaudhi macho, hauangushi nyumba. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kupanuka unapopanda unaweza kuwa msingi unaozama upande mmoja. Ufa kwenye slabu unaozunguka kichwa cha nguzo haujadiliwi: watu watoke, aitwe mhandisi. Baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lile. Kariakoo ni mahali ambapo vyumba vimegeuzwa maduka, maduka yamegeuzwa maghala, na kila fremu ya biashara inayopanuliwa ina mtu aliyechora jinsi ya kuipanua. Baadhi ya watu hao ni wahitimu wetu, na wengine watakuwa.

Tukikubaliana kwamba ukuta unaweza kufunguliwa, bado kuna somo. Tofali zilizo juu ya mlango hazimwagi uzito wote juu ya lenta. Zinaegemeana na kuupeleka pembeni, na kinachobaki kwa lenta ni umbo la pembetatu. Ndiyo maana mlango wa sentimita 90 unasamehe makosa mengi. Ukiupanua kuwa nafasi ya mita tatu, pembetatu inakua, pengine inafika hadi kwenye slabu, na uzito wote uliokuwa umetandazwa kwenye ukuta sasa unashuka kwenye vipande viwili vidogo vya pembeni. Wanafunzi hukazania bimu mpya ya juu na kusahau vipande hivyo, kana kwamba uzito ukishafika mwisho wa bimu unayeyuka.

Sehemu ninayoipa muda mrefu kuliko zote ni choo cha ghorofani. Hakuna mahali pengine ndani ya nyumba ambapo matabaka yote yanakutana katika nafasi ndogo namna ile: slabu, bomba, mteremko, tabaka la kuzuia maji, taili, kizingiti, mlango, hewa. Mteja anataka choo kihamie upande wa pili wa chumba, mita tatu kutoka kwenye bomba kuu. Kwenye mpango inachukua sekunde tano kukisogeza. Sasa tuhesabu. Bomba la inchi nne linahitaji mteremko. Tukichukua moja kwa arobaini, kwa mita tatu ni sentimita saba na nusu. Ongeza unene wa bomba lenyewe, sentimita 11. Tumeshafika karibu 19 na bado hatujalifunika. Ama bomba litoboe slabu na kuning'inia kwenye dari ya jirani wa chini, ambaye hakuulizwa, ama sakafu iinuliwe sentimita 20 na zaidi. Ikiinuliwa kwa kujazwa kifusi na zege, tunarudi kwenye hesabu ya kilo: takriban 400 kwa kila mita ya mraba, katika chumba kilichohesabiwa kubeba 150. Kuna njia nyepesi za kuinua sakafu, na kuna jibu jingine ambalo wanafunzi hawalipendi, nalo ni kumwambia mteja kwamba choo kibaki pale pale.

Tabaka la kuzuia maji linachorwa likipanda ukutani angalau sentimita 15, na kwenye bafu la kusimama lipande juu zaidi ya kichwa cha mwogaji. Kabla ya taili, sakafu ijazwe maji yakae saa 24, na mtu aende kutazama dari ya chini. Kazi hiyo iandikwe kwenye mchoro kama kazi, pamoja na siku yake. Isipoandikwa, haitafanyika.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa muziki uitwao The Station, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza sauti. Walikufa watu 100. Miaka kumi baadaye, Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, ikaungua kwa namna ile ile, na watu 242 wakafa. Sponji ya namna hiyo hata haizuii sauti isiende kwa jirani. Inapunguza mwangwi ndani ya chumba tu. Kinachozuia sauti kuvuka ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa nyufa zake. Mwanafunzi aliyelielewa hilo hana tena sababu ya kubandika sponji.

Sasa haya yote yafundishwe vipi? Josef Albers, aliyefundisha kozi ya awali katika shule ya Bauhaus kuanzia mwaka 1923, alikuwa akiwapa wanafunzi magazeti matupu na kuwaambia watengeneze kitu bila kuharibu karatasi. Wengine walijenga ngome na mashua. Kazi aliyoisifu ilikuwa ya gazeti lililokunjwa kwa urefu likasimama lenyewe. Zoezi hilo halijazeeka: mpe kijana karatasi moja ya A4, mwambie ivuke sentimita 20 na kubeba simu yake. Ataikunja mikunjo ya bati, na tangu hapo atajua kwa nini bati lina migongo.

Lakini zoezi lenye faida kuliko yote halina gharama. Alika fundi mzoefu, mtu wa mwiko na timazi. Kila mwanafunzi amkabidhi mchoro wake wa mkato kisha anyamaze. Fundi asome kwa sauti, aeleze ataanza na nini, atafuata nini. Pale atakapouliza, mchoro haujakamilika.

"Hapa, mwanangu, taili yako inaishia wapi?"

"Kwenye kizingiti, fundi."

"Kizingiti kinatangulia au taili inatangulia? Na hii fremu ya mlango nimeshaipiga?"

Kimya. Darasa linacheka, kijana anaandika. Maswali kumi ya namna hiyo yana thamani kuliko mihadhara mitatu, kwa sababu fundi hajali jinsi mchoro ulivyopendeza. Anataka kujua kazi ya kesho asubuhi. Siku hiyo alipwe kama mhadhiri mgeni yeyote anavyolipwa. Vyuo vinavyomwita fundi na kumpa soda vinawafundisha wanafunzi jambo jingine kabisa, nao wanalielewa.

Mtihani wa mwisho wa somo hili ningeufanya barua. Msanifu wa ndani hatakiwi kuhesabu bimu; hiyo ni kazi ya mhandisi, na sheria zinajua hivyo. Anachotakiwa ni kumwuliza mhandisi swali lililokamilika. Barua nzuri inasema ukuta uko ghorofa ya ngapi kati ya ngapi, una unene gani na umejengwa kwa tofali gani, juu yake kuna nini na chini yake kuna nini, nguzo za karibu ziko umbali gani, nyufa zipo wapi na zina upana gani, dari ilifunguliwa wapi na kilionekana nini, nafasi inayotakiwa kufunguliwa ina upana gani, na sakafu mpya itaongeza kilo ngapi kwa mita ya mraba. Inaambatanishwa na mkato mmoja na picha sita. Kwa barua kama hiyo mhandisi anaweza kujua siku hiyo hiyo kama kuna la kujadili. Akiandikiwa tu "naomba ushauri kuhusu ukuta wa sebuleni", itabidi afunge safari kwenda kukusanya mwenyewe yale ambayo mwenzake alikuwa amesimama mbele yake, na ankara ya safari hiyo itakwenda kwa mteja.